Kijiji cha Kwenye Kava

Kabla hujausikiliza wimbo, tazama kava lake. Chukua kazi za kwaya za mikoa yetu ya kusini magharibi: kaseti za zamani, CD zilizouzwa stendi ya Tunduma katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde ya Zambia, au vijipicha vya YouTube vya siku hizi. Utakuta maporomoko ya maji, kilima cha kijani kisicho na mtu, kondoo weupe wasiojua kupe, na kwa mbali mlima wenye theluji. Waimbaji wamekatwa kwenye kompyuta ya steshenari na kubandikwa mbele ya mandhari hiyo wakiwa na sare zao za kitenge. Vivuli vyao vinaelekea kushoto, vya miti vinaelekea kulia. Juu limeandikwa jina la kwaya, chini jina la kijiji. Kijiji chenyewe hakimo.

Nayaandika haya nikiifikiria Galula. Iko wilaya ya Songwe, kwenye bonde la mto Songwe unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa (si ule Songwe wa mpaka wa Malawi, huo ni mwingine wenye jina hilohilo), kando ya barabara itokayo Mbalizi kwenda Mkwajuni na Makongolosi. Ni bonde la joto. Kuna mpunga, mahindi na ufuta. Kuna Wabungu walio wenyeji wa huko, na kuna Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Upande wa Saza na Mkwajuni makarasha yanasaga mawe ya dhahabu. Misheni ya White Fathers ipo tangu enzi za Wajerumani, na penye misheni ya umri ule hapakosi kwaya. Theluji haijawahi kufika.

Inakuwaje basi sauti ya Galula ivalishwe milima ya Uswisi? Jibu jepesi ni kwamba fundi wa kava alipakua picha ya bure. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu fundi hupakua kile anachoamini mteja atakipenda, na mteja naye hupenda. Mapenzi hayo yana historia ndefu kuliko kompyuta.

Picha na muziki wa karatasi vilikutana mapema. Katika miaka ya 1790, mjini Munich, mwandishi wa michezo ya kuigiza aitwaye Alois Senefelder alitafuta njia rahisi ya kuchapisha kazi zake, akaipata kwa kutumia jiwe la chokaa, wino wa mafuta na maji. Miongoni mwa kazi za kwanza kabisa zilizotokana na ugunduzi huo, mwaka 1796, ni nyimbo za rafiki yake Franz Gleissner. Uchapaji huo wa jiwe ndio unaoitwa lithografia, na katika karne ya 19 ulipopata rangi ukawa mkate wa wachoraji wengi wa Ulaya na Marekani. Redio haikuwapo. Santuri ilikuja mwishoni kabisa mwa karne. Mtu aliyetaka wimbo alinunua karatasi ya nota, akaenda nayo nyumbani kuupiga kwenye piano ya sebuleni. Dukani aliuona wimbo kabla ya kuusikia, kwa hiyo jalada ndilo lililomwita, na wachapishaji walilijua hilo vizuri.

Walichora nini? Mengi: meli, vita, mabibi wenye miavuli. Lakini hakuna kilichochorwa kwa mapenzi kama shamba na kijiji. Kibanda chenye moshi unaopanda taratibu, mto, mwezi, njia inayopinda kuelekea mlangoni, na mama mzee anayesubiri. Tukumbuke ni nani aliyekuwa akinunua: watu wa mijini, wenye sebule na piano.

Mfano ninaoupenda ni wa Stephen Foster. Mwaka 1851 alikuwa Pennsylvania akitunga wimbo wa kulilia nyumbani, akahitaji jina la mto wa kusini litakaloingia kwenye mizani. Kwanza aliandika Pee Dee. Halikumridhisha. Yeye na kaka yake wakafungua atlasi, kidole kikaangukia Suwannee, mto wa Florida. Akalipunguza jina hilo herufi ili lilingane na sauti, akapata «Swanee», na wimbo ukaenea dunia nzima kwa jina la Old Folks at Home. Florida hakuwahi kufika. Jalada la kwanza halikumtaja hata kama mtunzi, kwani sifa hiyo alikuwa amemuuzia kiongozi wa kundi la maigizo, E. P. Christy. Florida yenyewe iliufanya wimbo wake wa jimbo mwaka 1935. Foster alikufa New York Januari 1864 akiwa na senti 38 mfukoni. Hapo kuna mto usioonwa, kijiji cha kwenye atlasi na mtunzi maskini. Aliyefaidi ni mchapaji.

Miaka 68 baadaye, mwaka 1919, vijana wawili wa New York, George Gershwin na Irving Caesar, waliuchukua mto huohuo wakatunga Swanee. Al Jolson akauimba, na karatasi zake zikauzwa zaidi ya milioni moja. Mtaa mzima wa wachapishaji wa New York uliishi kwa biashara ya namna hiyo: wimbo kuhusu Alabama, Kentucky au Tennessee, na jaladani shamba la pamba, mwezi mkubwa na Mmarekani mweusi anayetabasamu kibarazani. Sasa linganisha na mambo yalivyokuwa. Wakulima weusi wa Kusini walikuwa wamenaswa kwenye madeni ya pamba na kutishwa kwa kamba ya kunyongea, na kuanzia mwaka 1916 hivi walikuwa wakihama kwa malaki kwenda viwanda vya Kaskazini. Mtu anayetabasamu kibarazani kwenye karatasi, kwa kweli alikuwa stesheni na mzigo wake.

Sensa ya Marekani ya mwaka 1920 ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba wakazi wa mijini wamewazidi wa vijijini. Sidhani ni bahati tu kwamba karatasi zile zilivuma miaka ileile. Picha ya kijiji hupanda bei watu wanapokihama. Anayekaa kijijini hahitaji kuonyeshwa kibanda, anakiona kila akifungua mlango, tena anakiona kinavyovuja.

Kwetu je? Mwaka 1967 Watanzania waliokuwa wakiishi mijini walikuwa kama asilimia 6 tu. Sensa ya mwaka 2022 imekuta Tanzania Bara asilimia 35 hivi wako mijini. Tunduma yenyewe ni ushahidi: kituo cha mpakani kilichogeuka mji wa malori, wabadilisha fedha na nyumba za kulala wageni, na wengi wa wakazi wake wana shamba la baba mahali fulani Mbozi, Momba, Ileje au huko bondeni. Mwana kwaya anayeishi Tunduma ndiye anayehitaji kilima cha kijani. Simlaumu. Kuikumbuka nyumbani ni haki ya kila aliyeondoka. Ninachomuuliza ni kwa nini akikumbuka nyumbani anaonyeshwa kwa watu.

Kilima chenyewe kina kisa chake. Wengi wetu tulikikuta kwenye kompyuta za ofisini na steshenari: mlima mdogo wa majani, mbingu ya bluu, mawingu machache. Kilikuja na Windows XP mwaka 2001, na ndugu zake wa kufanana naye wamejaa kwenye makava ya kwaya zetu. Kilipigwa picha mwaka 1996 na Charles O'Rear katika kaunti ya Sonoma, California. Watu wanadhani ni malisho ya asili. Kumbe ni eneo la mashamba ya mizabibu, na lilikuwa tupu mwaka ule kwa sababu mizabibu ilikuwa imeng'olewa baada ya kushambuliwa na mdudu wa phylloxera. Amani ile tunayoiweka nyuma ya waimbaji ni hasara ya mkulima wa mahali pengine. Mkulima wa mpunga wa Galula aliyewahi kuvamiwa na kwelea kwelea angemhurumia mwenzake, kama picha ingemwambia. Haimwambii, maana kazi yake ni kunyamaza.

Na sisi wenyewe tuliwahi kufanywa picha ya wengine. Wajerumani wana wimbo maarufu, Heia Safari, ambao maneno yake yaliandikwa na Hans Anton Aschenborn, mchoraji wa wanyama aliyeishi Namibia, na kutiwa sauti na Robert Götz. Ni wimbo wa mwendo mrefu, wa njia nyembamba porini na moto wa kambi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alichukua maneno hayohayo mawili kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1920. Vijana wa Ujerumani ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika waliimba na kusoma, wakaona mbuga, nyota na uhuru. Sasa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aliyoipigana jenerali huyo akiwaongoza Wajerumani wa Afrika Mashariki, ilipita hapahapa kwetu. Novemba 1918 majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliishambulia Fife, kituo cha Waingereza karibu na Nakonde ya leo, ng'ambo tu ya Tunduma, kabla ya kwenda kuweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 mwezi huo. Njia ile nyembamba ya porini ilitembewa na wapagazi. Kwa upande wa Waingereza pekee, makadirio ya wapagazi waliokufa katika vita ya Afrika Mashariki yanakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, njaa na homa. Kwenye ndoto ya safari mpagazi hubaki kuwa kivuli chenye mzigo kichwani.

Mtu atasema: hayo ni ya wageni, sisi tunaweka kondoo tu. Sawa. Lakini angalia jinsi jicho linavyofanana. Kwenye kava la Marekani aliondolewa mwenye deni, kwenye wimbo wa Wajerumani akasahauliwa mpagazi, na kwenye kava letu ameondolewa mkulima. Shamba linabaki kama lilijilima lenyewe.

Cha ajabu ni kwamba wanakijiji wenyewe walipopata nafasi ya kuchagua sura ya muziki wao, hawakuchagua kibanda. Terence Ranger ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, jinsi ilivyoanzia mijini pwani na kusambaa na askari na vibarua hadi bara. Wachezaji walivaa kama maofisa, wakapeana vyeo vya jeshi, wakapanga mistari. Ukanda wa Ziwa Nyasa ukapata mganda, wenye kaptula nyeupe, soksi ndefu na hatua za gwaride. Kijana wa kijijini miaka ya 1920 hakuwa na hamu ya kujionyesha akiwa na mtungi na jembe mbele ya machweo. Alitaka aonekane nadhifu, mwenye mpango, mtu wa dunia. Lile pia lilikuwa pambo, sikatai, ila lilikuwa pambo lake, alilolishona mwenyewe kwa fedha yake.

Hebu sasa tuiache picha, tuishike karatasi yenyewe ya nota, ile inayotumika kanisani. Hapo ndipo ninapoona jambo zuri ambalo wana kwaya hawalijui kuwa ni zuri. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuruhusu mwaka 1963 lugha za watu na sauti zao katika ibada (mwaka huohuo padre wetu wa Peramiho, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu), watunzi wa Kiswahili walizaliwa kila parokia. Nota zao ni za d, r, m, mtindo uliosambazwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19, kwa sababu zinaandikika kwa kalamu au taipureta na hazihitaji mistari mitano. Karatasi inarudufishwa mpaka herufi zinafifia. Haina jalada, haina ua, haina kondoo. Lakini tazama pembeni au chini: mtunzi huandika jina lake, mara nyingi na parokia yake na tarehe aliyomaliza. Karatasi ile isiyopambwa inajua ilikotoka na inajua ilizaliwa lini. Albamu ya rangi iliyotokana nayo haijui chochote kati ya hayo.

Nimewahi kubishana na mwalimu wa kwaya juu ya haya. Hoja yake ilikuwa nzito, nami sitaipunguza. Alisema: «Ndugu yangu, mtu ametoka shambani mgongo unauma, watoto wana ada, unataka na kwenye CD akute shamba? Muziki ni wa kumpumzisha.» Akaongeza kwamba malisho mabichi yako kwenye Zaburi, hakuyaleta fundi wa grafiki.

Kuhusu mapumziko nakubaliana naye. Kuhusu Zaburi nina neno. Zaburi ya mchungaji ilitungwa katika nchi kavu, na ndani yake limo bonde la kutisha na wamo maadui. Malisho yana thamani kwa sababu ya bonde. Fundi wa kava amelikata bonde akabakiza majani, kama vile mtu angeondoa besi na tena kwenye wimbo akatuachia soprano peke yake, tamu lakini isiyo na mahali pa kusimama.

Pia niseme wazi kwamba siombi kava la umaskini. Uongo wa pili nao upo, ule wa kalenda za wafadhili: mtoto mwenye kamasi, macho makubwa, ufa wa ukuta. Huo ni ndugu wa ule wa kwanza, maana wote wawili humwondoa mtu kwenye kazi yake. Mmoja anamfanya malaika, mwingine anamfanya mgonjwa.

Na kazi ndiyo kiini cha ubishi wangu wote. Picha ya kijiji kisicho na kazi ina bei, na anayeilipa ni mkulima. Mtu wa mjini aliyelelewa na makava, vitabu vya shule na matangazo ya kijani anaamini moyoni kwamba mpunga huota kwa neema na mvua. Mtu huyo hataelewa kwa nini mkulima analalamikia lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ili mnunuzi achukue zaidi kwa bei ileile. Hataelewa kwa nini familia inauza mpunga ungali shambani, kwa nusu ya thamani, kwa sababu mtoto amefukuzwa ada. Akiambiwa bondeni kuna eneo «la wazi» linafaa mradi fulani, ataliona wazi kweli, kwani hivyo ndivyo lilivyo kwenye picha: majani, mbingu, hakuna mtu.

Hata umbo la kijiji limekosewa. Vibanda vya msonge vilivyotawanyika chini ya miti, vinavyochorwa kila siku, haviwezi kuwa kijiji cha Tanzania ya leo. Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini, na Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni, wengine kwa hiari, wengine kwa kuchomewa nyumba. Vijiji vyetu vingi ni safu za nyumba kando ya barabara kwa sababu hiyo. Bati lenye kutu, sola ndogo, bodaboda chini ya mwembe, dumu la njano kichwani pahala pa mtungi, mnara wa simu: haya ndiyo mandhari. Yana historia, na historia hiyo ina machozi na ushindi ndani yake. Msonge wa kuchorwa hauna hata kimoja.

Uzuri Galula upo, tena wa kumtoa mtu jasho. Msimu wa mpunga kuiva watoto hupanda kwenye dungu kuamia ndege, na kazi ile tangu zamani hufanywa kwa sauti: kupiga debe, kupiga mluzi, kuimba. Ni picha gani ya muziki ingeshinda hiyo? Kuna miamba ya mchanga mwekundu ambayo wanajiolojia wameipa jina la Galula katika vitabu vyao vya dunia nzima. Kwenye miamba ya bonde hili walifukua Pakasuchus, mnyama wa jamii ya mamba mwenye meno kama ya paka, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa pia jina la marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 akafuata Rukwatitan, dinosa mla majani mwenye shingo ndefu aliyeishi miaka milioni 100 hivi iliyopita, na mwaka 2017 Shingopana songwensis, ambaye jina lake halihitaji mkalimani. Mwana kwaya anayepanda mlima wa Uswisi kwenye kava anapita juu ya mifupa hii kila akienda shambani.

Kuna Ziwa Rukwa pia, pana, la magadi, lenye mamba, linalopanda na kushuka na kumeza mashamba linapotaka. Kuna moshi wa tanuri za matofali. Kuna maksai wanaovuta plau wakati wa alfajiri na mtu nyuma yao akipiga kelele za kuwaongoza, kelele zenye mdundo ambao mtunzi yeyote mwenye masikio angeuiba.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa kwaya, walimu na wafadhili wa albamu: mkitenga fedha za studio, tengeni kidogo za mpiga picha wa kijijini kwenu, yule anayepiga picha za harusi na vitambulisho. Mpelekeni shambani siku ya kazi, awapige mkiwa na nguo za kazi au na sare, hilo mtaamua wenyewe. Mlipeni. Andikeni jina lake kwenye kava. Kisha chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka, wekeni kile ambacho karatasi zenu za nota zimekuwa nacho miaka yote: jina la mtunzi, jina la mahali, na tarehe.